Mgomo na maandamano si ugaidi: kesi hizi ziondolewe

Kumshtaki Mkenya kwa ugaidi kwa sababu aliandamana ni kuitumia sheria vibaya, ni kuidharau Katiba, na ni kuwatukana Wakenya waliouawa na magaidi wa kweli. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Bwana Renson Ingonga, anapaswa kuondoa mahakamani kila kesi ya ugaidi ambayo bado inamkabili mtu aliyekamatwa katika maandamano ya Juni na Julai 2025. Hatuombi zichunguzwe upya wala zisogezwe mbele hadi watu wasahau. Tunataka ziondolewe.

Tukumbushane zilikotoka. Tarehe 25 Juni 2025 vijana waliingia barabarani katika kaunti nyingi kuwakumbuka wenzao waliopigwa risasi mwaka mmoja kabla, siku Bunge lilipovamiwa kwa ajili ya Mswada wa Fedha wa 2024. Walikuwa na jina jingine midomoni pia, la Albert Ojwang', mwalimu aliyefia mikononi mwa polisi mapema mwezi huo huo. Watu waliuawa siku hiyo, na maduka yakaporwa. Kesho yake Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alisimama mbele ya taifa akasema kwamba yaliyotokea hayakuwa maandamano bali ugaidi uliojificha nyuma ya upinzani. Tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, zaidi ya watu 30 waliuawa kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Siku mbili baadaye Rais William Ruto akatangaza hadharani kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, kisha apelekwe hospitali na mahakamani.

Baada ya kauli hizo, mashtaka yakafuata. Vijana wakapandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kahawa, ambayo kazi yake ni kesi za ugaidi. Mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa nyumbani kwake Julai 19, na wapelelezi wakatangaza kwamba wanamshuku kwa kuwezesha ugaidi. Alipofikishwa mbele ya hakimu siku mbili baadaye, shtaka lililosomwa lilikuwa la kumiliki risasi bila kibali. Alilikana, akaachiliwa kwa dhamana. Ugaidi haukusomwa kizimbani siku hiyo, lakini ulikuwa umekwisha kutangazwa kwa nchi nzima, na mtu aliyetangazwa gaidi hasafishwi na karatasi ya mashtaka ambayo watu hawaisomi.

Sasa tuifungue sheria yenyewe, kwa sababu ndiyo inayowahukumu wanaoitumia. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipitishwa mwaka 2012, wakati wa Rais Mwai Kibaki. Kifungu cha 2 kinaeleza kitendo cha ugaidi ni kipi, na maelezo yake ni mapana mno. Yanagusa kutumia nguvu dhidi ya mtu, kuhatarisha maisha na kuharibu mali vibaya. Yanagusa pia kuvuruga uchukuzi, mawasiliano, huduma za fedha na huduma nyingine muhimu, ikiwa nia ni kuutia umma hofu, kuilazimisha serikali itende au isitende jambo, au kuyumbisha taasisi za nchi. Kwa upana huo, karibu kila mgomo uliowahi kufanyika Kenya ungeingia ndani. Mwalimu anayegoma anataka serikali itende jambo, na daktari vivyo hivyo. Dereva wa matatu anayeegesha gari kupinga rushwa ya barabarani anavuruga uchukuzi.

Walioandika sheria waliiona hatari hiyo. Ndiyo maana mwishoni mwa maelezo hayo waliweka kinga: kitendo kinachovuruga huduma, kikifanyika katika kulalamika, katika maandamano au katika kusimamisha kazi, hakihesabiwi kuwa ugaidi, mradi hakikukusudiwa kudhuru watu au kuharibu mali vibaya. Kinga hiyo ni sheria ya Kenya sawasawa na adhabu ya miaka 30 inayotajwa kurasa chache mbele. Waziri anaweza asiipende, lakini hana mamlaka ya kuifuta kwa hotuba. Wala mwendesha mashtaka hana ruhusa ya kusoma nusu ya kwanza ya kifungu na kuifumbia macho nusu ya pili.

Msomaji wa Buyangu asidhani kwamba haya ni mambo ya Nairobi. Buyangu iko upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, penye hifadhi ya taifa iliyotengwa mwaka 1985, na kilima ambacho wageni hupanda ili wauone msitu wote kwa mara moja. Wenyeji wanaujua msitu huo kwa njia nyingine. Wanajua ni wapi kuni zinaruhusiwa na ni wapi askari wa wanyamapori watakukamata, na ni nani aliyepigwa faini kwa ajili ya ng'ombe aliyevuka mpaka. Nje ya msitu ni mahindi na miwa. Miwa inakwenda viwandani, Kabras na Butali, na fedha ya mkata miwa inategemea uzito wa alichokata na siku ambayo mwenye fedha ataamua kulipa. Kaunti hii ilishuhudia kiwanda cha sukari cha Mumias kikianguka hadi kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, huku wakulima na wafanyakazi wakidai haki yao. Hakuna anayehitaji kufundishwa hapa maana ya kusubiri malipo.

Basi tuseme malipo yamechelewa miezi miwili. Wakata miwa wa Buyangu na Malava wanaamua kukaa barabarani, njia ya Kakamega kwenda Webuye, na trekta za miwa zinasimama. Wanataka serikali iingilie kati. Uchukuzi umevurugika na serikali inashinikizwa. Kinachowatofautisha watu hao na gaidi, mbele ya sheria ya 2012, ni kinga ile tuliyoitaja, ile yenye maneno ya kusimamisha kazi. Ikizoeleka kwamba kinga hiyo inaweza kupuuzwa Nairobi, itapuuzwa Malava kwa urahisi zaidi, kwa sababu Malava hakuna kamera za televisheni wala mawakili wa kujitolea wanaojaa mahakamani asubuhi.

Na mama wa kijana atakayekamatwa atafanya nini? Kahawa ni zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa. Kila kesi inapotajwa ni nauli ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala kwa jamaa Kangemi au Kawangware, ikiwa jamaa wapo. Sheria hiyo inamruhusu hakimu kuamuru mtuhumiwa azuiliwe wakati upelelezi ukiendelea, hadi siku 90. Mtu aliyeshukiwa kuvunja duka hazuiliwi hivyo. Siku 90 kwa mkata miwa ni karo ya muhula mzima na shamba lisilopaliliwa, na kazi yake imekwisha kuchukuliwa na mwingine. Adhabu hiyo inatolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Sisi tunaamini kwamba hapo ndipo lilipo lengo la mashtaka haya, kwa kuwa kesi ya namna hiyo humchosha mtu hata kama haitafika mwisho, na anayetazama kwa mbali huogopa kutoka nyumbani.

Haki ya kusimamisha kazi iliyotajwa katika sheria ya 2012, na iliyowekwa katika Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010, ina historia yake, na walioitafuta waliitwa majina kama haya tunayoyasikia sasa.

Tarehe 13 Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama. Makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wapishi na wahudumu wa hoteli, watumishi wa majumbani, jumla yao kama 15,000, waliweka kazi chini. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, bei za vitu zilikuwa zimepanda, kodi za vyumba zilikuwa zimepanda, na mshahara ulikuwa pale pale. Mtu mweusi alilipwa kidogo kuliko wengine kwa kazi ile ile. Walikuwamo watu wa pwani na watu wa bara, wakiwemo waliotoka Mkoa wa Nyanza, ambao wakati huo ulihesabu hata Kakamega ndani yake, chini ya jina la Kavirondo ya Kaskazini. Walikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo waliposikilizana kila siku, wakaamua pamoja, wakaunda chama chao, na akajitokeza kijana karani aliyeitwa Chege Kibachia kuwa sauti yao.

Serikali ya kikoloni iliutangaza mgomo huo kuwa haramu. Ilileta askari. Ilimtuma Eliud Mathu, Mwafrika pekee katika Baraza la Kutunga Sheria wakati huo, awasihi warudi kazini. Mgomo ulidumu karibu wiki mbili, na ukaisha kwa ahadi kwamba madai yatasikilizwa. Yalisikilizwa kweli: baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker liliongeza mishahara. Kwa maneno mengine, dola yenyewe ilikubali kwamba watu waliogoma kinyume cha sheria walikuwa wakidai haki yao.

Lakini angalieni kilichofuata, maana hapo ndipo somo lilipo kwa wanaotawala leo. Chama cha wafanyakazi kilipoanza kuenea kutoka Mombasa kwenda bara, Kibachia alikamatwa Agosti mwaka huo huo. Hakushtakiwa kwa wizi wala kwa kuchoma chochote. Aliondolewa tu, akapelekwa Kabarnet, Baringo, akawekwa huko karibu miaka kumi. Mwezi uliofuata, Septemba 1947, wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands waligoma, na polisi wakawafyatulia risasi. Watatu wakafa. Malalamiko ya mshahara yalianzia kwenye meza ya jaji, na miezi michache baadaye yalikuwa yanajibiwa kwa risasi na uhamisho.

Hayo yalikuwa na mtangulizi wake. Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kusema juu ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Wafanyakazi wa Nairobi waliacha kazi, wakakusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakabili wanaume waliokuwa tayari kurudi nyumbani. Risasi zilipokoma, zaidi ya watu 20 walikuwa wamekufa. Thuku alihamishiwa Kismayu bila kesi na akakaa uhamishoni hadi mwishoni mwa 1930.

Na yakawa na mrithi. Mei 1950 Makhan Singh na Fred Kubai, waliokuwa wameunganisha vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki na wiki chache kabla, katika ukumbi wa Kaloleni, walikuwa wamedai uhuru kamili, walikamatwa. Kwa kukamatwa kwao Nairobi ikasimama kwa zaidi ya wiki moja na miji mingine ikafuata. Serikali ilitoa magari ya kivita na vitoa machozi. Makhan Singh alizuiliwa zaidi ya miaka 11, akaachiwa Oktoba 1961. Kubai baadaye akawa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, waliohukumiwa mwaka 1953 na Thacker yule yule aliyewaongezea makuli wa Mombasa mshahara. Kufikia wakati huo serikali ilikuwa na jina rasmi la kuwaita Waafrika walioinuka dhidi yake. Iliwaita magaidi.

Hatuyakumbushi haya kwa kupamba hoja. Mwaka 2003 serikali ya Kenya huru iliondoa marufuku iliyowekewa Mau Mau na wakoloni, ambayo ilikuwa imedumu kwa miongo mitano, miaka 40 kati ya hiyo ikiwa chini ya bendera yetu wenyewe. Mwaka huo huo wa 2003, serikali hiyo hiyo ilichapisha Mswada wa Kukomesha Ugaidi, ambao ulipingwa vikali na Waislamu, mawakili na watetezi wa haki hadi ukaondolewa. Waliosafishwa jina la ugaidi walikuwa wazee wenye mvi. Walioandaliwa kupewa jina hilo walikuwa wajukuu.

Sisi wa Kakamega tuna sababu ya ziada ya kutazama kwa makini sheria zinazopitishwa kwa haraka. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ardhi za wenyeji, ikaahidi kwamba kipande chochote kitakachochukuliwa kitafidiwa kwa ardhi nyingine iliyo sawa nacho. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, na Wazungu wakamiminika kupima viwanja. Desemba 1932 ahadi ile ikabadilishwa mbio mbio katika Baraza la Kutunga Sheria, ili ardhi yenye madini ichukuliwe kwa fedha tu na wenyeji wasihitaji kuulizwa. Ilichukua miaka miwili tu kwa neno lililoandikwa kuwa batili mara lilipogongana na tamaa ya wakubwa. Leo kuna tena mpango wa kuchimba dhahabu Ikolomani, pande za Isulu na Bushiangala, na wenye mashamba wana maswali mazito juu ya fidia na kuhamishwa. Wana haki ya kuyauliza wakiwa wamesimama barabarani na mabango. Haki hiyo inaanza kupotea siku ambapo polisi wanazoea kuona kundi la watu lenye hasira na kulipa jina la ugaidi.

Wachimba dhahabu wa Ballarat, Australia, walipita njia hii mwaka 1854. Walikataa leseni ghali iliyotozwa hata kwa asiyepata kitu, wakajenga boma pale Eureka, na alfajiri ya Desemba 3 askari wakawavamia. Zaidi ya 20 waliuawa. Serikali iliwashtaki 13 kwa uhaini, kosa la kunyongwa. Mabaraza ya wazee wa mahakama, watu wa kawaida wa mji wa Melbourne, yaliwaachilia wote mmoja baada ya mwingine. Kiongozi wao Peter Lalor aliingia Bungeni mwaka uliofuata, na hadi leo vyama vya wafanyakazi vya nchi hiyo hubeba bendera ya Eureka katika maandamano yao. Wananchi walikataa kuliita dai la haki uhaini, na hawakungoja miaka 50 kuona aibu.

Wapo watakaosema kwamba sisi hatujali maduka yaliyoporwa na ofisi zilizochomwa. Tunajali. Mama aliyefungua kibanda kwa mkopo wa chama na akakikuta majivu hana faraja katika hotuba juu ya demokrasia. Ibara ya 37 ya Katiba inawapa haki ya kuandamana watu walio na amani na wasio na silaha, basi. Anayechoma amevunja sheria na ashtakiwe. Kinga ya kifungu cha 2 haimfichi, na hatutaki imfiche.

Lakini aulizwe mwendesha mashtaka: alikosa sheria gani? Kanuni ya Adhabu ina kosa la kuchoma mali, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Ina wizi wa kimabavu, kuvunja jengo na kuiba, na kuharibu mali kwa makusudi. Makosa hayo yanajulikana na kila hakimu wa Kenya na yana ushahidi wake wa kawaida: nani alionekana, alishika nini, alikutwa na nini. Ikiwa adhabu ya kuchoma mali ni kubwa hivyo, shtaka la ugaidi halikuongezwa kwa kuwa sheria ya kawaida ilikuwa laini. Liliongezwa kwa sababu ya vile vingine linavyokuja navyo: siku 90, Kahawa, dhamana inayopiganiwa kwa shida, na jina ambalo kijana atalibeba kila aombapo kazi au hati ya tabia njema. Ibara ya 157 ya Katiba inamwamuru Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie maslahi ya umma na azuie matumizi mabaya ya mchakato wa sheria. Haya ndiyo matumizi mabaya yenyewe.

Ugaidi Kenya inaujua. Agosti 7, 1998, watu 213 waliuawa Nairobi bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani. Septemba 2013, watu 67 waliuawa Westgate. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliotoka kila pembe ya nchi, waliochinjwa na kupigwa risasi mabwenini alfajiri. Mzazi wa mmoja wa wanafunzi hao anaposikia kijana aliyerusha jiwe Kikuyu au aliyepiga picha ya maandamano kwa simu yake akiitwa gaidi, msiba wake umepunguzwa thamani. Na polisi wanaopaswa kuwasaka wauaji wa Garissa na wafuasi wao wanakaa Kahawa wakisubiri kutoa ushahidi juu ya waandamanaji.

Sheria hii imeanza kutumiwa vibaya zamani, na wa kwanza kuumia hawakuwa vijana wa 2025. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa na kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mwaka uliofuata, baada ya Garissa, serikali ilizifunga akaunti za MUHURI na Haki Africa, mashirika mawili ya haki ya Mombasa, kwa madai ya kuhusiana na ugaidi. Mahakama Kuu Mombasa iliamuru zifunguliwe Novemba 2015. Nchi kwa jumla ililichukua jambo hilo kuwa la watu wa pwani na la Waislamu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na sasa umefika kwa binadamu wengine.

Desemba 2014, Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Usalama katikati ya vurugu, wabunge wakirushiana karatasi na maji, na Rais Uhuru Kenyatta akaitia sahihi kesho yake. Februari 23, 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walibatilisha vifungu vinane vyake. Miongoni mwa vilivyoanguka ni vile vilivyotaka kuwafunga waandishi wa habari kwa kuchapisha habari za ugaidi bila idhini. Majaji walisema waziwazi kwamba vita dhidi ya ugaidi havifuti Katiba. Uamuzi huo haukuwazuia magaidi kukamatwa wala haukuwaachilia. Uliwazuia watawala tu. Tunawakumbusha mahakimu wa Kahawa kwamba uamuzi huo ni wa mahakama iliyo juu yao.

Majirani zetu pia wamekwisha kutuonyesha njia hii inakofika. Julai 2021 Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, alikamatwa Mwanza mkesha wa kongamano la kudai katiba mpya, kisha akashtakiwa kwa ugaidi. Alikaa gerezani zaidi ya miezi saba. Machi 4, 2022, mwendesha mashtaka alisema hana nia ya kuendelea na kesi, na Mbowe akatoka. Hakuna aliyeeleza ugaidi ule ulikwenda wapi. Kongamano ndilo lililokuwa limekwisha kuzuiwa.

Kwa hiyo madai yetu ni haya. Bwana Ingonga aondoe mashtaka ya ugaidi yote dhidi ya waandamanaji, na wale walio na ushahidi wa uhalifu wa kawaida dhidi yao washtakiwe chini ya Kanuni ya Adhabu, kila mmoja kwa alichofanya mwenyewe na si kwa kundi alilosimama nalo. Waziri Murkomen ayaondoe maneno yake ya Juni 26 hadharani kama alivyoyasema hadharani, maana polisi wa ngazi ya chini huyachukua maneno ya waziri kuwa amri. Maafisa waliofyatua risasi Juni na Julai wapelekwe mahakamani kwa kasi ile ile iliyotumika kuwapeleka vijana. Hadi leo tunaona haraka ya upande mmoja tu.

Wabunge wa Kakamega, walioomba kura kwa kuahidi kututetea, wapeleke marekebisho yanayosema bila utata kwamba amri ya kuzuiliwa kwa siku 90 haitumiki kwa mtu aliyekamatwa katika mgomo au maandamano, na kwamba shtaka la ugaidi katika mazingira hayo lisisajiliwe hadi jaji wa Mahakama Kuu aridhike na sababu zilizoandikwa. Wakipigiwa simu na viongozi wa vyama vyao wakanyamaza, tutayataja majina yao hapa. Na mshukiwa wa uhalifu uliofanyika Malava akishikwa, asipakiwe kwenye gari la usiku kwenda Kahawa. Mahakama ipo Butali. Aletwe hapo, ndani ya saa 24 kama Katiba inavyosema, mbele ya hakimu, mbele ya wazazi wake, na mbele ya mwenye duka lililochomwa.